Maji Huchemka, Muhogo Hutokoswa

Miaka mingi iliyopita, nikifundisha katika chuo cha ualimu, niliwapa wanachuo maelezo mafupi ya mapishi ya Kiingereza wayatafsiri. Kitenzi "boil" kilitokea mara mbili: kwanza kwa maji, kisha kwa muhogo. Mwanachuo mmoja aliandika kwamba maji yachemshwe, kisha muhogo utokoswe. Nikamkata alama, kwa kuwa mwongozo wangu wa kusahihishia ulikuwa na neno moja tu, chemsha. Baada ya kipindi alinijia, akasema kwa adabu, "Mwalimu, kwetu maji ndiyo huchemka. Muhogo hutokoswa." Sikumrudishia alama yake.

Kitenzi hicho cha Kiingereza hubeba mizigo mingi. Hutumika kwa maji, kwa yai, kwa birika, hata kwa mtu aliyepandwa na hasira. Kilitoka Kifaransa cha kale, na asili yake ni Kilatini, penye maana ya kutoa mapovu. Kabla yake Waingereza walikuwa na chao, "seethe". Katika Biblia yao ya mwaka 1611, mwanambuzi bado hupikwa kwa kitenzi hicho. Leo kimeondoka jikoni, kikabaki kwenye hasira.

Nachelea kwamba tokosa na tokota yanafuata njia hiyo hiyo. Siku hizi nasoma zaidi mayai ya kuchemsha na viazi vya kuchemsha. Tokota nakutana nalo pale damu ya mtu inapotokota kwa ghadhabu. Sisemi kwamba chemsha ni kosa. Lina maisha yake mapana: twachemsha bongo, na mitaani aliyeshindwa huambiwa amechemka. Ninachokipinga ni kukipima Kiswahili kwa kibaba cha Kiingereza, kwamba kwa kuwa wenzetu wametosheka na neno moja, nasi tubaki na moja.

Malenga anayeliacha tokosa hupoteza kina cha "sa", na hupoteza picha pia. Chemka hunionyesha maji yakirukaruka. Tokosa hunionyesha kitu kikilainika ndani ya maji hayo. Basi washairi wenzangu, litumieni lingali hai. Na mwanachuo yule, popote alipo, ajue kwamba alikuwa sahihi, na kwamba aliyekosa ni mwalimu wake.