Dawa Inatulaza, Njaa Inatuamsha

Huku Obokote, Lubutu, mkoani Maniema nchini Kongo, kila mtu anajua, ila hakuna anayelisema kwa sauti: vile vidonge vya jioni, vya kutuliza moyo, vinanonesha. Tunalisema kisimani. Tunalisema tukitwanga majani ya sombe. Tunalisema nyuma ya kanisa ibada ikishakwisha, na muuguzi akipita tunageuza mazungumzo, tunaanza kuulizana bei ya mafuta ya mawese. Si kwamba tunamwogopa. Tumeshazoea jibu lake tu. Ukimwambia kuwa dawa aliyokupa imekujaza mwili, atakukumbusha ulivyokuja: "Mama, ulikuja hapa huli, hulali, unalia mchana kutwa. Leo unakula, unalala. Sasa unalalamika nini?" Na anasema kweli. Ndiyo maana tunanyamaza, tunachukua karatasi yetu, tunarudi nyumbani na vidonge vile vile.

Haki ya dawa tuiseme kwanza. Inafanya kazi. Wapo kati yetu waliokaa miezi wakitazama ukuta, wasioge, wasijibu mtoto akiita, na leo wako shambani. Na huzuni ya huku haitafutiwi sababu. Mwaka 1996 kuingia 1997, hapo Tingi-Tingi karibu na Lubutu, wakimbizi wa Rwanda walikaa kwa maelfu na maelfu, ndege za msaada zikatua juu ya barabara, na wengi wakazikwa pale pale. Wazee wetu waliyaona hayo kwa macho. Zikaja vita nyingine, wakaja wenye bunduki wa kila jina, na Machi 2025 mapigano yalipofika Walikale, watu wakaanza tena kufunga magodoro na kuuliza njia ya msituni. Mtu aliyepita katika hayo, akipata kidonge kinachomlaza mpaka jogoo awike, anakishukuru. Hakuna hapa anayetaka dawa hizi zikatupwe mtoni.

Tunacholilia ni kuona dawa inaongeza njaa ndani ya nyumba isiyo na chakula cha kuongeza, na hakuna aliyetutahadharisha.

Dawa yenyewe ni amitriptilini, ya miligramu 25. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa za msingi, mwaka 1977, ilikuwamo, na mpaka leo imo. Ni ya bei nafuu, na mbali na huzuni hutumika pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na kwa kichwa kisichopoa. Ndiyo sababu inafika hata pale ambapo lori halifiki, juu ya pikipiki, ndani ya katoni iliyofungwa kwa mpira. Mwongozo ambao shirika hilo hilo liliwaandikia wauguzi wa vituo vya kawaida, wasio mabingwa wa akili, unataja dawa mbili za huzuni: amitriptilini na fluoksetini. Hiyo ya pili kwa kawaida hainoneshi, na miezi ya mwanzo inaweza hata kumpunguza mtu kidogo. Hiyo ya pili huku tunaijua kwa jina tu.

Waliosoma wanaeleza kwamba amitriptilini, pamoja na kazi yake ya kuinua moyo, inaziba njia ya kemikali moja ya ubongoni inayoitwa histamini. Kuziba huko ndiko kunakoleta usingizi, na ndiko kunakofungua njaa. Kwa hiyo usingizi tunaoushukuru na njaa tunayoilalamikia vinapita mlango mmoja. Huwezi kukipokea kimoja ukakifungia kingine nje. Na si njaa ya kutaka mboga. Ni njaa ya fufu, ya wali, ya ndizi, ya kitu kizito na kitu kitamu. Juu yake kinywa kinakauka, ulimi unashikana na meno, na maji matupu hayakidhi; unataka chai, na chai unaitaka na sukari. Choo nacho kinakuwa kigumu, tumbo linajaa, watu wanasema una mimba. Una miaka hamsini na mitatu.

Njooni muone usiku wa nyumba moja. Mama amemeza vidonge vyake saa mbili. Saa tatu yuko chini, analala vizuri, watoto wanafurahi kumwona amelala. Saa nane njaa inamwamsha. Anapapasa gizani mpaka jikoni, anafunua sufuria iliyowekewa jiwe juu panya wasiingie, na ndani kuna lile donge la fufu na sombe kidogo lililobakizwa kwa ajili ya watoto kabla ya kwenda shule. Anasema atamega kidogo. Anamega. Anamega tena, na vidole vinarudi tena. Asubuhi mtoto anafunua sufuria, anatazama ndani, anaifunika, anabeba mfuko wake na kwenda shule bila kuuliza kitu, kwa sababu anajua mama yake alikuwa mgonjwa na sasa amepona. Mwenye nyumba yenye akiba akiongezewa njaa, anakula akiba yake. Huku mtu anakula cha watoto wake, halafu moyo uliotulizwa na dawa unaanza kuuma kwa jambo jipya. Hilo hakuna karatasi ya dawa inayoliandika.

Kisha kuna macho ya watu. Huku kwetu mtu akikonda, wanasema anaumwa. Akinona, wanasema ana pesa. Hakuna kifungu cha tatu. Kwa hiyo mtu anameza dawa ya huzuni, mashavu yanajaa, na wadai wake wanaamka. Shemeji aliyekuwa kimya tangu mwaka jana anatuma mtu kuulizia zile pesa. Wenzako wa likelemba, ule mchango wa zamu, wanataka uongeze fungu lako. "Dada, umenona! Kwako kuko muzuri!" Na wewe unacheka, unasema Mungu anasaidia, maana utasemaje? Ukisema ni dawa, watauliza dawa ya nini. Ukitaja dawa ya nini, kesho kijiji kizima kinasema unameza dawa za wazimu, na binti yako hatapata mchumba. Afadhali waseme una pesa.

Wanaoumia zaidi ni wajane. Mwanamke amefiwa na mume, huzuni imemshika mpaka hawezi kusimama, wamempeleka kituoni, wamempa vidonge. Baada ya miezi kadhaa mwili umejaa. Ndugu wa marehemu wanakuja kwenye kikao cha familia, wanamtazama, na mmoja anasema hadharani: "Ndugu yetu yuko chini ya udongo, huyu ananona." Wengine wanatikisa kichwa. Mwili wake umekuwa ushahidi dhidi yake, katika kikao kinachozungumzia nyumba na shamba. Tumeliona, tukalisimulia kwa minong'ono, na tuliokuwa tumeketi pale tukijua ni dawa hatukufungua kinywa.

Mashauri tunapewa. Punguza mafuta. Punguza sukari. Tembea kila siku, fanya mazoezi. Yanasemwa kwa nia njema, nasi tunayasikiliza kwa adabu. Lakini mama anayeambiwa atembee ametoka shambani na mzigo wa kuni mgongoni, ameteka maji mara mbili, na kufika kituoni kwenyewe alitembea tangu alfajiri. Anayeambiwa apunguze mafuta, mafuta hayo ya mawese ndiyo yanayoifanya sombe iwe chakula. Nyama anaiona kwa nadra. Apunguze nini, na abaki na nini?

Na ukitaka kuthibitisha kuwa umeongezeka, utathibitishaje? Mizani ya kuning'iniza iliyofungwa kwenye boriti ni ya watoto wachanga. Ile ya kusimama juu yake ni ya wajawazito siku ya kliniki. Siku ya kidonge cha kwanza hakuna aliyekupima kilo, kwa hiyo siku ya malalamiko huna namba ya kuonyesha. Unayo blauzi tu. Fundi wa kitenge ndiye anayejua kilo zetu: mara ya kwanza anaachia mshono wa ubavuni, mara ya pili anaweka kipande chini ya kwapa, mara ya tatu anakuambia ununue kitambaa kingine. Naye anajua, na haulizi.

Wengine wamepimwa. Huko Uingereza watafiti wa King's College London walitazama kumbukumbu za wagonjwa karibu 300,000, wakaandika mwaka 2018 kwamba wanaomeza dawa za huzuni wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuongezeka uzito kuliko wasiomeza, na kwamba hatari hiyo inaendelea kwa miaka. Mwaka 2025 chuo hicho hicho kikalinganisha dawa thelathini, moja baada ya nyingine, kikakuta kwamba katika majuma ya mwanzo tu, ziko zinazopunguza kilo mbili hivi na ziko zinazoongeza kiasi hicho. Amitriptilini iko upande wa kuongeza. Watafiti wakasema basi mgonjwa na daktari wake wakae pamoja, wachague dawa inayomfaa mgonjwa huyo. Ni neno zuri sana. Kuchagua kunataka vitu viwili mezani.

Tena jambo lenyewe si geni. Moja ya dawa za kwanza kabisa za huzuni ilianza kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View kule Staten Island, New York, walijaribu dawa iitwayo iproniazidi, na wagonjwa waliokuwa wamebaki mifupa wakachangamka, wakacheza, wakala, wakanenepa. Madaktari wakashangilia kilo zile, na kwa mtu wa kifua kikuu walikuwa na haki ya kushangilia. Hata kati yetu wako ambao kilo zao ni za kupona: huzuni ilikuwa imewala, na sasa mwili unarudi mahali pake. Tunalijua hilo. Lakini mtu anaufahamu mwili wake ukiwa unarudi nyumbani, na anaufahamu pia ukiwa umepitiliza nyumba.

Basi nini hufuata? Watu wanaacha dawa kimya kimya. Hii ndiyo sababu hasa ya kuandika haya. Mmoja anakata kidonge nusu kwa wembe. Mwingine anameza siku ya soko na kuruka siku nyingine. Wa tatu anaacha ghafla siku aliyosikia maneno ya shemeji, na ndani ya siku chache usingizi umekimbia, kichefuchefu kimemshika, kichwa kinazunguka, na majirani wanasema amelogwa upya. Halafu ile huzuni ya zamani inarudi. Akirudi kituoni anaulizwa kama alimeza vizuri, anasema alimeza, kwa aibu. Muuguzi anaongeza vidonge, na mwili unaongezeka. Vile visivyomezwa navyo havitupwi, maana vimelipiwa. Vinafungwa kwenye mfuko na kuchomekwa kwenye majani ya paa. Amitriptilini nyingi kwa pamoja inasimamisha moyo wa mtu mzima, sembuse mtoto. Tunaweka kifo darini kwa sababu tunaona haya kusema tumenona.

Na ukitaka bingwa wa kumweleza haya, yuko wapi? Watawa wa Ndugu wa Upendo walifungua nyumba za wagonjwa wa akili Goma na Bukavu, na Wamaniema walikuwa wakipelekwa huko. Goma ikachukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata. Kinshasa ni ya wenye tiketi ya ndege. Kisangani ni kilomita kama 250 kutoka Lubutu, na Kindu, makao makuu ya mkoa wetu wenyewe, unaifuata kupitia Punia juu ya pikipiki, kwa njia ambayo mvua ikinyesha unaisukuma pikipiki badala ya kubebwa nayo. Nani atalipa safari hiyo, aache shamba na watoto, akamwambie daktari kwamba blauzi haifungi?

Kwa hiyo tunachotaka ni kidogo, na kinaweza kufanyika hapa hapa. Muuguzi anapohesabu vile vidonge kwenye kikaratasi, aseme: hii itakupa njaa, itakukausha kinywa, inaweza kukunonesha, na ikikusumbua usiiache ghafla, rudi tupunguze kidogo kidogo. Ni pumzi moja. Atupandishe kwenye ile mizani ya wajawazito siku ya kwanza, aandike kilo. Mume au dada aliyemsindikiza mgonjwa asikie pia, ili ile sufuria ya usiku iwe jambo la nyumba nzima na si siri ya mtu mmoja. Na wakubwa wanaopanga dawa za mkoa watutumie ile ya pili, fluoksetini, hata kama ni kopo moja, kwa wale ambao hii imewashinda.

Katoni ikifika kutoka Kindu tunasogea dirishani, tunauliza ndani kuna nini. Muuguzi anakata kamba, anasoma kopo, anasoma na la chini yake. Amitriptilini, miligramu 25.