Kusoma Herufi Ubaoni Si Kipimo Tosha cha Macho

Sisi walimu wa Kiminini na Trans Nzoia kwa jumla tuna sababu ya kujivunia. Utafiti uliofanywa katika shule 50 za msingi za kaunti hii, na kuchapishwa mwaka 2018, ulithibitisha kuwa mwalimu aweza kupima macho ya wanafunzi kwa simu ya mkononi. Palipotumika mfumo huo, pamoja na ujumbe wa kuwakumbusha wazazi, asilimia 54 ya watoto waliopatikana na kasoro walifika hospitalini. Palipofuatwa utaratibu wa kawaida, ni asilimia 22 tu.

Hata hivyo, herufi hupima ukali wa kuona penye mwangaza, basi. Yuko mwanafunzi asomaye mstari wa mwisho adhuhuri bila kukosea, ilhali alfajiri njiani hujikwaa kila hatua, na magharibi hamtambui mwenzake. Aghalabu huitwa mzembe. Nyumbani hunong'onwa kuwa amerogwa. Yamkini dosari yake imo katika retina, utando wa nyuma ya jicho unaogeuza mwanga kuwa ishara za umeme.

Umeme huo hupimika. Holmgren wa Uswidi aliugundua mwaka 1865, na Ragnar Granit, aliyeuchambua kwa kina, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1967. Mtoto huketi gizani dakika 20, kisha taa humweka mbele ya jicho, na elektrodi hunasa umeme usiofika sehemu moja ya elfu ya volti. (Walimu wa fizikia, hilo ni somo zuri kuliko betri na balbu!) Wimbi la kwanza hushuka, nalo latokana na seli zipokeazo mwanga; la pili hupanda, nalo latokana na seli zinazopokezwa ishara hiyo. Retina ikiugua, mawimbi hudidimia, pengine hata kabla daktari hajaona alama jichoni.

Nitaambiwa kwamba mengi ya maradhi haya ni ya kurithi, hayana tiba, na kwamba mashine ni ghali. Sikubaliani. Upofu wa usiku uletwao na upungufu wa vitamini A hutibika, na baada ya tiba mawimbi hurejea. Ya ugonjwa wa kurithi hayarejei. Mzazi ana haki ya kujua ni lipi. Hata asiye na tiba, akijulikana mapema, atapangiwa mahali penye mwanga na karatasi za maandishi makubwa badala ya kiboko. Isitoshe, siku hizi vipo vifaa vya kushikwa mkononi, na elektrodi zake hubandikwa tu kwenye ngozi chini ya jicho.

Kwa hiyo naitaka serikali ya kaunti iweke kipimo hiki katika bajeti ya macho, Kitale au hospitali ya rufaa iliyo karibu. Wakati tunasubiri, mwalimu apimaye herufi aongeze swali lisilogharimu senti: je, mtoto huyu huona gizani?