TAMTHILIA ISINGOJE MWENGE

Kundi la sanaa lisilokutana hufa. Jambo hili linajulikana Unguja na Pemba, na huku Momela, chini ya Mlima Meru, tunaliona kwa macho. Viongozi wetu huwakumbuka waigizaji Mwenge wa Uhuru unapokaribia. Ukishapita, kijana mmoja huenda Arusha mjini kutafuta kazi, mwingine huvuka bahari, na kundi halipo tena.

Hatuna budi kusema kwamba dawa moja iko mikononi mwa vijana wenyewe, nayo ni kusoma tamthilia pamoja kwa njia ya intaneti. Machi 2020, kumbi za maigizo zilipofungwa kwa ajili ya UVIKO-19, waigizaji wa Uingereza na wenzao wa nchi nyingine walianza kusoma tamthilia za Shakespeare kila wiki, kila mtu akiwa nyumbani kwake na maandishi mkononi, watazamaji wakifuatilia. Jukwaa hawakuwa nalo.

Watasema wengine kwamba huko si kuigiza. Ni kweli, mwili haumo. Lakini sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali twajua kwamba maneno hukaa moyoni yakisomwa kwa sauti, mbele ya mwenzio anayekusahihisha. Redio nayo imekwisha kutoa ushahidi: Twende na Wakati, mchezo ulioanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, uliwafikia wananchi kwa sauti tupu, nao wakaujadili majumbani.

Vya kusoma tunavyo. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mwaka huo huo wa 1969 ilitoka Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, na Penina Muhando akatoa Hatia mwaka 1972. Lakini sisi tungependa kuanza na Mashetani ya Hussein, ya mwaka 1971, Juma akisomwa Unguja na Kitaru akisomwa Momela. Urafiki wa vijana hao unaelemewa na yale ambayo jamaa ya Juma iliyapoteza katika Mapinduzi ya 1964, na hayo Bara na Visiwani hawajayazungumza vya kutosha.

Dunia iliiona Momela katika filamu ya Hatari! ya mwaka 1962, iliyopigwa maeneo haya. Wageni walisema, wenyeji walionekana nyuma yao. Safari hii wenyeji wasikike.

Kikwazo kiko maofisini. Usomaji wa hadhara wahitaji ruhusa ya mwenye kazi. Bara kuna COSOTA, Zanzibar kuna COSOZA, na kundi lenye wasomaji pande zote mbili lisifanywe kubisha milango miwili. Ofisi hizo zikubaliane fomu moja, na kundi la kijiji lisilouza tiketi lisitozwe ada. Maofisa utamaduni wa wilaya nao wawape vijana chumba chenye intaneti jioni moja kwa wiki. Vyumba vya mikutano vya halmashauri hukaa vitupu baada ya saa tisa na nusu.