Kilomita Haziui Injini

Ni desturi yetu, tunapolitazama gari kuukuu, kuuliza limekwenda kilomita ngapi; na tukijibiwa kuwa limepita laki tatu, hutikisa kichwa na kusema kwamba limechoka. Hukumu hiyo hutolewa kila siku katika ofisi na gereji nyingi nchini, na kwa maoni yangu haina msingi wa kisayansi. Injini ya dizeli iliyoundwa vyema haiuawi na kilomita. Huuawa na vumbi, na joto lisilotawaliwa, na maji yaliyojipenyeza katika mafuta. Na yote matatu tunao uwezo wa kuyazuia.

Tuchukue mfano wa Somanda, mjini Bariadi, mkoani Simiyu. Barabara ya lami ya kutoka Bariadi hadi Lamadi, yenye urefu wa kilomita zipatazo 72, ilifunguliwa mwaka 2017. Lakini gari lipelekalo chanjo vijijini, au limchukualo mama mjamzito kumleta Hospitali ya Somanda, haliwezi kubaki juu ya lami. Huingia njia za Itilima na Meatu, ambako wakati wa kiangazi udongo hugeuka unga, na wakati wa mvua udongo mweusi wa mbuga hushika magurudumu kama gundi. Gari likitambaa humo saa nzima kwa gia nzito, kipimo huonyesha kilomita chache tu, ilhali injini imefanya kazi ya safari ndefu. Ndiyo maana trekta huhesabiwa saa za kazi, si kilomita.

Sasa tulitazame vumbi. Injini yenye ujazo wa lita 4.2, kama zilizomo katika magari mengi ya Toyota Land Cruiser yatumikayo vijijini, huvuta ujazo huo wa hewa katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta lita zipatazo 4,200 kwa dakika, yaani mita za ujazo 252 kwa saa. Darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3 lina mita za ujazo 168. Kwa hiyo kila saa injini humeza hewa ya darasa moja na nusu, na hewa hiyo huvutwa palepale ambapo gari lililotangulia limetimua vumbi.

Chembe za mchanga zilizomo katika vumbi hilo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Chujio likiwa limetoboka, au mpira uliounganisha chujio na injini ukiwa umelegea, chembe hizo husaga ringi za pistoni na kuta za silinda. Bandu bandu huisha gogo. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hutegemea hewa iliyoshindiliwa mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 500 za Sentigredi, ndipo dizeli inyunyizwapo iwake yenyewe. Hiyo ndiyo kanuni ambayo Rudolf Diesel aliithibitisha kwa injini yake huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Ringi zikilika, hewa huvuja, joto halifikiwi, na asubuhi gari husukumwa na watu kumi. Hapo watu husema kilomita zimezidi. La, chujio lilisahauliwa.

Kuhusu joto, iko desturi moja ambayo napenda kuipinga waziwazi. Mafundi wengi huing'oa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Kazi ya themostati ni kuizuia injini isifanye kazi ikiwa baridi, na kuifikisha upesi katika joto lake la kawaida, yapata nyuzi 80 hadi 90. Injini isiyofikia joto hilo haichomi dizeli yote. Dizeli iliyobaki huosha oili kwenye kuta za silinda, na chuma husuguana na chuma. Kadhalika mfuniko wa rejeta. Bariadi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko mzima huongeza kanieneo, hata maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Afungaye rejeta kwa kitambaa na kipande cha mti ameondoa kinga hiyo yote.

Dizeli nayo ina adui wake, ambaye ni maji. Pampu na nozeli zimechongwa kwa nafasi ya maikromita chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa maikromita 70 hivi. Maji kidogo katika tangi huleta kutu ya kutosha kuziharibu. Kuyamwaga maji yaliyotuama chini ya chujio la dizeli ni kazi ya dakika chache isiyohitaji fedha.

Historia yetu inalo somo juu ya jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa. Matrekta yalinunuliwa kwa wingi, mengi yakiwa mabaki ya Vita Kuu ya Pili. Karakana, spea na mafundi havikutosha. Kabla mwaka huo haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta hayo ilikuwa imekwisha kuharibika, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Fedha za kununulia mashine zilikuwapo. Mpango wa kuzitunza haukuwapo.

Nitaambiwa kwamba spea ni ghali na kwamba machujio bandia yamejaa madukani. Ni kweli. Lakini bei ya chujio halisi haikaribii hata kidogo bei ya kuifumua injini na kuiunda upya. Idara inayotenga fedha za gari jipya bila kutenga za machujio yake imenunua nusu ya gari.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila gari la umma liwe na daftari la kuandika kilomita, saa za kazi, dizeli na oili iliyoongezwa, na daftari hilo lisomwe, si kutiwa sahihi tu. Pili, shule za sekondari zilitumie kufundishia. Wanafunzi wakichora grafu ya oili iliyoongezwa kwa kila kilomita 1,000, wataona mstari ukipanda miezi mingi kabla moshi haujaonekana. Hapo watakuwa wamejifunza msuguano, kanieneo na takwimu kwa pamoja, na idara itakuwa imepata onyo mapema.

Shime, walimu wa fizikia wa Simiyu na kwingineko! Karakana iliyo karibu na shule ni maabara isiyohitaji kujengwa. Kijana atakayetoka huko akijua kwa nini themostati isitupwe atakuwa amemsaidia mama wa Meatu anayelisubiri gari la hospitali usiku.