Kuvunja si Kuharibu

Ati ya nini kuvunja kiini cha atomu ambacho hata macho hayakioni? Ndivyo wenzangu wanavyoniuliza. Mimi nasema kuna faida, tena kubwa!

Hebu tuchukue bati, si la paa bali madini yenyewe. Kila kiini chake kina protoni 50, lakini nyutroni hutofautiana: bati-112 lina 62, bati-124 lina 74. Nyutroni zikizidi protoni, kiini hulipa gharama. Gharama hiyo ndiyo nishati ya ulinganifu. Katika Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, wanasayansi waligonganisha viini hivyo vikapasuka, wakachunguza kila kipande kimetoka na nyutroni ngapi. Kwa kulinganisha vipande, waliweza kuikadiria gharama ile.

Sasa basi, ziko nyota za nyutroni, nzito kushinda jua, lakini upana wake kama kilomita 25 tu. Nishati hiyo hiyo huchangia kuamua ukubwa wake. Nani atapanda huko na rula? Hakuna, bwana! Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wala tusiseme haya ni ya wageni. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyotambua mapigo ya eksirei ya nyota kama hizo. Safari ilianzia kwetu, nasi twaikimbia fizikia ati ni ngumu? Tusikubali!