Umri wa D'Oliveira

KILA ifikapo tarehe 4 Oktoba kalenda za mchezo wa kriketi hukumbusha kuzaliwa kwa Basil D'Oliveira, mwana wa Cape Town aliyeichezea Uingereza mechi 44 za kimataifa na kupata mikimbio 2,484. Tarehe hiyo ni ya kweli. Mwaka ndio uliokuwa na matatizo. Kwa muda mrefu vitabu vya kumbukumbu viliandika mwaka usio sahihi, kwa sababu mwenyewe alikuwa amejipunguzia umri. Alizaliwa mwaka 1931. Alipowasili Uingereza mwaka 1960 alikuwa na miaka 28, na alijua kwamba klabu hazina haja na mtu wa makamo asiyejulikana.

Wapo watakaosema kwamba huo ulikuwa udanganyifu. Ulikuwa udanganyifu kweli, lakini kabla ya kumhukumu hapana budi kuuliza ni nani aliyeila miaka ile. Utawala wa Makaburu ulimtia katika kundi la watu ulioliita la "Machotara". Hakuruhusiwa kuvaa sare ya nchi yake. Yeye na wenzake walicheza juu ya viwanja vya changarawe vilivyotandikwa mkeka, na katika uwanja mzuri wa Newlands, mjini kwao, waliingia kama watazamaji tu, tena katika sehemu waliyotengewa. Mwaka 1958 aliongoza timu ya wachezaji wasio Wazungu wa Afrika Kusini iliyozuru Kenya. Hiyo ndiyo timu ya taifa ambayo Makaburu hawakuitambua. Mikimbio iliyopatikana katika michezo ya namna hiyo kwa miaka mingi haikuhesabiwa popote, na ndiyo maana D'Oliveira ilimbidi amwandikie barua mtangazaji wa Uingereza, John Arlott, kuomba msaada wa kupata kazi ya kucheza. Alipatiwa nafasi katika klabu ya Middleton, jimbo la Lancashire. Miaka sita baadaye alikuwa katika timu ya Uingereza.

Mwezi Agosti 1968, katika uwanja wa Oval jijini London, D'Oliveira aliitwa dakika za mwisho kujaza pengo la mchezaji aliyejitoa. Akapata mikimbio 158 dhidi ya Australia. Siku moja baada ya mechi hiyo kwisha, wateuzi wa Uingereza walitangaza timu ya kwenda Afrika Kusini, na jina lake halikuwamo. Ilidaiwa kwamba sababu zilikuwa za kimchezo tu. Dai hilo lingekuwa rahisi zaidi kuaminika kama isingekuwa imejulikana baadaye kwamba tangu mwezi Machi mwaka huo baadhi ya wakuu wa klabu ya MCC, iliyosimamia safari hizo, walikuwa na taarifa ya siri kuwa Waziri Mkuu wa Makaburu, John Vorster, hatampokea mchezaji huyo. Naye D'Oliveira alikuwa ameahidiwa kazi ya ukocha Afrika Kusini, yenye mshahara wa pauni 4,000 kwa mwaka, iwapo angesema mapema kwamba hayuko tayari kuchaguliwa. Kwa mchezaji wa wakati ule hizo zilikuwa fedha nyingi mno. Alizikataa.

Tom Cartwright alipojitoa kwa kuumia, D'Oliveira aliteuliwa mahali pake. Tarehe 17 Septemba 1968, mjini Bloemfontein, Vorster alitangaza kwamba timu hiyo haikuwa tena ya MCC, bali ya maadui wa siasa ya ubaguzi. Kwa kauli hiyo alisema ukweli mkubwa kuliko alivyokusudia. Kwa miaka mingi waliotetea michezo na Makaburu walikuwa wakihubiri kwamba siasa isiingizwe michezoni. Sasa Kaburu mwenyewe alikuwa amesimama hadharani na kumpangia mgeni wake nani acheze. Wiki moja baadaye safari ilifutwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1970 safari ya Makaburu kwenda Uingereza ilivunjwa kwa nguvu ya maandamano, na mlango wa kriketi ya kimataifa ukafungwa kwa zaidi ya miaka 20, hadi Novemba 1991 walipopokewa Calcutta. Ikumbukwe pia kwamba tangu 1889 hadi kufungiwa, Afrika Kusini ilicheza mechi 172 za kimataifa za siku tano bila kukubali hata mara moja kupambana na India, Pakistan au West Indies. Kutengwa walikuwa wamekuanza wao. Barani Afrika fundisho hilo lilieleweka mapema. Tanzania, ambayo mji wake wa Dar es Salaam ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu 1963, ilikuwa miongoni mwa nchi zilizosusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na Makaburu.

Mwaka 1998 Makhaya Ntini alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea Afrika Kusini mechi ya siku tano. Tarehe 14 Juni 2025 Temba Bavuma, aliyezaliwa Langa, Cape Town, aliiongoza nchi hiyo kuishinda Australia na kutwaa ubingwa wa dunia wa mechi hizo uwanjani Lord's, pale pale D'Oliveira alipoanza kuichezea Uingereza mwaka 1966. Tarehe hiyo bila shaka imekwisha kuingizwa katika kalenda.

Lakini wale waliozuru Kenya mwaka 1958 wako wapi? Krom Hendricks, mrushaji hodari aliyeachwa nje ya safari ya Uingereza mwaka 1894 kwa rangi yake, na kwa ushawishi wa Cecil Rhodes, yuko ukurasa gani? Kalenda za namna hii hutungwa kutokana na vitabu vya kumbukumbu, na vitabu hivyo viliandikwa na waliokuwa na viwanja. Vyama vya mchezo huo vina magazeti ya zamani, picha na wazee wachache waliosalia. Wakusanye majina hayo na tarehe zake maadamu wapo wa kuyataja, na 17 Septemba iandikwe karibu na 4 Oktoba.