Gawana Simu Ukitaka, Lakini Laini ya Pesa Usigawane

Katika maduka mengi hapa Kenya, laini moja ina watumiaji watatu au wanne. Mwenye duka ameiacha kaunta ili mteja akipiga apate mtu. Kijana wa duka anaijua PIN kwa sababu kuna siku mwenye duka alikuwa Gikomba na mtu wa maziwa akataka kulipwa. Mtoto akitoka shule huichukua kucheza gemu. Kila mtu anaona ni jambo la kawaida tu.

Maoni yangu ni kwamba mazoea haya yamepitwa na wakati, na yanaweza kukuumiza.

Kabla M-Pesa haijaanza Machi 2007, laini ilikuwa ya kupiga na kutuma SMS. Ukimwachia mtu, hasara kubwa ilikuwa kredo kuisha. Leo laini hiyohiyo ni pochi, na ni mlango wa mikopo pia. M-Shwari ilikuja 2012, Fuliza 2019, na Hustler Fund mwishoni mwa 2022. Kwa hivyo aliye na simu yako na PIN yako haishii kwa pesa ulizo nazo. Anaweza pia kukopa zile ambazo huna, na deni likasoma jina lako kwa sababu laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako.

"Lakini wateja wakipiga, nani atashika?"

Hilo ni swali la haki, na jibu limo ndani ya simu yako tayari. Hata kabambe inaweza kuelekeza simu kwa nambari nyingine. Laini unabaki nayo mfukoni, na mteja akipiga, kijana wa duka anashika kwa simu yake mwenyewe.

Chagua inayokufaa:

- Usiposhika: **61*nambari ya kijana#
- Ukizima au ukikosa mtandao: **62*nambari ya kijana#
- Ukiwa kwa simu nyingine: **67*nambari ya kijana#

Kuondoa, piga ##61#, ##62# au ##67#. Kama unataka tu kusikia mlio mtu mwingine akipiga wakati unaongea, piga *43#.

Kumbuka mambo mawili. Kwanza, kinachohama ni simu ya sauti peke yake. SMS za pesa zinabaki kwako, na ndivyo tunavyotaka. Pili, kwa kawaida mwenye kuelekeza ndiye hulipia kipande cha pili cha simu hiyo, basi hakikisha una kredo.

Na mtu wa maziwa? Mlipe ukiwa hukohuko Gikomba. Pesa kwa simu ilitengenezwa hasa kwa ajili ya mtu aliye mbali. Haina haja ya PIN yako kubaki kaunta kama ufunguo wa choo. Ukiwa na biashara inayopokea pesa kila siku, chukua till ili malipo ya wateja yasichanganyike na pesa zako za nyumbani.

Mlango huohuo wakora wanaujua

Kuna mchezo ambao watu wengi hawaujui. Mtu anakupigia akijiita wa huduma kwa wateja. Anasema laini yako ina shida, au kuna zawadi yako imekwama, kisha anakuomba upige nambari inayoanza na **21*. Ukipiga, simu zako zote zinaenda kwake, na simu yako haiti hata mara moja.

Shida ni kwamba baadhi ya huduma, WhatsApp ikiwemo, zinaweza kukusomea nambari ya uthibitisho kwa simu ya sauti. Mkora anaisikia yeye, anaingia akaunti yako, halafu anaanza kuwaandikia watu wako: "Nitumie elfu mbili, nitakurudishia jioni." Shemeji yako anatuma kwa moyo safi. Akipiga kuthibitisha kwa laini yako, simu inaenda kwa huyohuyo mkora.

Piga *#21# sasa hivi uone kama simu zako zinaelekezwa mahali. Ukiona nambari usiyoijua, piga ##002#. Hiyo inafuta uelekezaji wote, hata ule ulioweka mwenyewe, kwa hivyo utauweka upya baadaye. Na yeyote akikupigia kukuambia upige kitu kinachoanza na nyota, kata simu.

Hii si kukosa kuaminiana

Najua kuna atakayesema, "Kwani simwamini mke wangu? Simwamini kijana nimelea?" Tuigeuze. Siku shilingi 3,000 zikikosekana na PIN inajulikana na watu wanne, nani atajitetea? Kijana ambaye hakugusa chochote atashukiwa pamoja na aliyechukua, na hana namna ya kuonyesha mikono yake ni safi. Anaweza kufutwa kazi kwa kosa ambalo si lake. PIN ikijulikana na mtu mmoja, hata mfanyakazi wako amekingwa.

Nyanya kule mashambani ndiye mwenye kesi ngumu, kwa sababu haoni vizuri na mjukuu ndiye humbonyezea kila kitu. Hata yeye anaweza kusaidiwa bila kutoa PIN. Simu nyingi za vibonye zina kinundu kwenye 5. Akianzia hapo, vidole vitajifunza njia ya tarakimu nne. Mjukuu afungue menyu, amsomee jina na kiasi, kisha amrudishie simu abonyeze PIN mwenyewe.

Kwa hivyo leo fanya mawili: badilisha PIN ambayo wengine wanaijua, kisha weka **61* ili duka lisikose simu. Wateja watapata mtu wa kuongea naye, na pesa zako zitabaki na mwenyewe.